Mfalme Aliyekufa Mara Mbili

Watu wa Kitale wakikuambia kwamba hawapendi udaku, waulize ni kwa nini Jumamosi ile ukumbi wa video wa Nderitu Gathii ulijaa mpaka wengine wakakalia kreti za soda. Hakukuwa na mpira siku hiyo. Hakukuwa na karate wala filamu ya Nigeria. Kulikuwa na ubao tu nje ya mlango, umeandikwa kwa chaki: LEO SAA NANE, MAPENZI YA WAFARANSA. Hiyo ilitosha kuwatoa wauza vitunguu sokoni na mafundi wa baiskeli kwenye vibanda vyao. Hata mzee Cheruiyot alikuja, yule naibu wa chifu mstaafu anayesema kila siku kwamba sinema ni mambo ya watoto. Alikuja mapema, akashika kiti cha mbele.

Ukweli ni kwamba hawakuwafuata Wafaransa peke yao. Walifuata sauti mbili. Kwa Nderitu filamu haitazamwi hivi hivi, inasimuliwa. Sauti ya wenyewe inazimwa, halafu Nderitu na Phelista Nelima wanapanda viti virefu nyuma ya watu, kila mmoja na maiki yake, wanawasemea walio kwenye pazia jeupe la picha. Nderitu ni wanaume wote, kuanzia padri mpaka jambazi. Phelista ni wanawake wote, pamoja na mbuzi, kuku na milango yenye kutu. Na kwa vile hakuna anayeweza kushika jina la Kichina au la Kifaransa, wahusika hupewa majina ya hapa hapa, tena yanazungushwa, kabila lolote lisije likanung'unika kwamba limesahaulika.

Miaka sita walikuwa wameifanya kazi hiyo, na hapo sasa ndipo udaku ulipokuwa na mizizi. Maana huyo Nderitu, akiwa na maiki mkononi, alikuwa simba. Aliweza kutongoza, kutukana, kuomba msamaha na kuhubiri kabla hujamaliza njugu zako. Akiiweka chini, alikuwa redio iliyotolewa betri. Umeamkaje? Poa. Umekula? Bado. Miaka arobaini na minne, hana mke, na wazazi wake kule Kiminini walikuwa wamechoka kumwombea. Phelista yeye alikuwa mjane wa mwaka wa tisa, na ulimi wake haukuwahi kwenda likizo. Sokoni watu walishajadili mpaka wakachoka kama hawa wawili wana jambo ama hawana. Kitu ambacho soko halikujua ni kwamba hata Phelista mwenyewe alikuwa hajui, na alitaka sana kujua.

Mvua ikianza kunyesha jioni wakifunga, Nderitu alikuwa akimfuata mpaka kwenye kona, akimpa mwavuli, akirudi zake amelowa bila neno. Kiti cha Phelista kilikuwa kimepanguswa vumbi kila Jumamosi kabla hajafika. Je, huo ni upendo ama ni ustaarabu tu? Mtu ataulizaje swali kama hilo bila kujiharibia kazi na rafiki kwa siku moja?

Kama isingekuwa simu ya Senge Sellah, pengine angeendelea kujiuliza mpaka azeeke. Senge kwa Kibukusu ni shangazi; Sellah ni dada ya marehemu babake Phelista, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa lao huko Bungoma, na kwa familia ile neno la senge si pendekezo. Alipiga simu siku chache kabla ya hiyo Jumamosi. Alisema Wekoye wa Kamukuywa, yule mfugaji aliyefiwa na mke, ameuliza. Jumapili ya wiki ijayo atakuja na wazee wawili kwa kaka yake Phelista huko Kabuchai. Kwa hivyo senge alitaka jibu kabla ya hapo, jioni ya Jumamosi ya kuamkia ugeni huo kwa kuchelewa sana.

"Nataka neno moja, mwanangu," alisema. "Ndiyo ama hapana. Hiyo yenu ya tutaona, sitaki."

Na Wekoye hakuwa na kasoro, hiyo ndiyo ilikuwa shida. Angekuwa mlevi, kazi ingekuwa rahisi. Lakini alikuwa mtu wa heshima, mwenye ng'ombe wa maziwa na nyumba safi. Mwanamke angemkataa huyo kwa sababu ya nini? Kwa sababu ya mwavuli?

Sasa turudi ukumbini. Kwa kawaida wale wawili huitazama filamu Ijumaa peke yao, wakagawana maneno. Lakini stima ilikuwa imepotea tangu Alhamisi, ikarudi Jumamosi watu wakiwa tayari mlangoni. Filamu yenyewe Nderitu aliipata kwenye boksi la mtaalamu mmoja wa mahindi, Mfaransa, aliyehama na kumwachia rundo la diski kama shukrani kwa kutengenezewa friji. Haikuwa hata na maandishi ya Kiingereza chini. Wakaingia kichwa kichwa, kama mtu anayevuka mto bila kuulizia kina chake.

Picha ya kwanza ilikuwa jumba la kifalme. Mwanamume mrefu mwenye taji na ndevu amempigia magoti mwanamke wa gauni jekundu. Phelista akamwita mwanamke Gathoni. Nderitu, kwa vile mfalme alikuwa na miguu mirefu ya mkimbiaji, akamwita Kipchirchir. Mambo yakaenda vizuri. Ghafla picha ikahama, na huyo huyo Kipchirchir akaonekana jikoni, hana ndevu wala taji, amevaa sweta lenye tundu kwenye kiwiko, anakula mkate mkavu. Mlango wa pili yuko Gathoni, anaanika soksi. Wakapishana kwenye ngazi, hata salamu hawakupeana vizuri.

Ukumbi ukauliza kwa sauti moja, huyu tena ni nani?

Msimulizi hanyamazi. Hiyo ndiyo sheria ya kazi. Phelista akabonyeza maiki na kutangaza kwamba hao ni mapacha. Kuna mfalme, na kuna ndugu yake ambaye alinyimwa urithi. Nderitu akadakia papo hapo, akampa yule wa sweta machungu ya shamba lililouzwa na mjomba, na watu wa kaunti hii ya Trans-Nzoia, ambao kesi za mashamba wanazijua kuliko amri kumi, wakaguna kwa huruma. Kwa dakika arobaini nzima ukumbi ulikuwa upande wa maskini. Na Gathoni akaonekana malaya wa kimataifa, mchana anamwangalia huyu, usiku yuko kwa yule. Chemutai, muuza vitunguu, alimtukana mpaka akakauka koo.

Halafu mfalme akanywa sumu. Nderitu alimfanyia kifo cha hali ya juu. Alikohoa, akausia ng'ombe, akamsamehe ndugu yake na shamba akamrudishia. Chemutai alivuta leso. Mzee Cheruiyot alivua kofia. Mfalme akakata roho mikononi mwa Gathoni.

Kisha mfalme akaamka, akatoa ndevu zake kwa mkono wake mwenyewe, akamshika Gathoni mkono, wakainama pamoja, na mbele yao kukatokea mamia ya wazungu wameketi kwenye viti vyekundu wakipiga makofi. Na chini ya ndevu kulikuwa na nani? Yule wa sweta.

Wee. Ukumbi ulilipuka. Mmoja alisimama juu ya kreti akasema si aliwaambia steringi, yule shujaa wa filamu, hafi. Mwingine alitaka kujua shamba sasa ni la nani. Chemutai alidai arudishiwe machozi yake. Phelista alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza kwa miaka sita hakupata la kusema. Nderitu ndiye aliyeokoa jahazi.

"Ndugu zangu, tulieni," alisema kwenye maiki. "Hii ni drama. Zile za shule, mnazijua. Hakuna mfalme, hakuna pacha. Ni majirani wawili, kazi yao ni drama. Sisi tumeona nusu tukajaza nusu. Mtusamehe."

Drama za shule kila mtu alizijua. Aliyekuwa hajawahi kuvaa ndevu za pamba darasa la sita alikuwa na mtoto aliyezivaa. Watu wakacheka, wakajicheka, wakaketi. Lakini hasira ilipotoka, swali liliingia. Kama wale ni majirani tu, basi huyu Kipchirchir anampenda Gathoni kweli, ama anampenda saa za kazi tu?

Filamu nayo ni kama ilisikia. Nyuma ya jukwaa, kati ya kamba na ngazi, Kipchirchir alisimama mbele ya Gathoni. Juu bado alikuwa na joho la mfalme, chini alikuwa na suruali yake ya kila siku. Akaanza kusema, midomo ikienda pole pole. Na Nderitu akamsemea.

"Siku ile ulikuwa na malaria," alisema, "nilifungua kazi, nikaangalia kiti chako, nikafunga. Niliambia watu stima imepotea. Stima ilikuwepo. Mimi sijui kuongea, wewe unajua. Lakini nikisikia kicheko chako kule nje kwa mlango, hata kabla hujaingia, siku yangu inakuwa imeshaanza."

Sauti haikuwa ile ya simba. Ilikuwa chini, kama ya mtu anayesoma barua. Kwenye pazia Gathoni alijibu, midomo ikacheza, na hakuna sauti iliyotoka, maana Phelista alikuwa ameshika maiki kwa mikono miwili na anamtazama Nderitu. Nderitu alikuwa anatazama pazia. Filamu iliisha Gathoni akitoka nje kwenye mvua, hajulikani anaenda wapi, na taa zikawashwa. Nderitu akaweka maiki chini, akaanza kukunja waya. Phelista akamuuliza yale maneno ameyatoa wapi. Akajibu kwamba yamekuja tu.

Yamekuja tu. Huyo mwanamke wa Kifaransa hakuugua malaria mahali popote kwenye filamu ile. Aliyeugua malaria ni Phelista, mwezi wa nne, na siku hiyo ukumbi ulifungwa. Lakini msimulizi huokota maneno popote, hata Phelista mwenyewe alishawahi kumpa malkia wa Uchina ugomvi wa jirani yake wa ploti. Kwa hivyo hiyo ilikuwa nini?

Wiki nzima Phelista aliibeba filamu sokoni kama kapu. Alinunua vitunguu asivyovihitaji ili amuulize Chemutai, kwa mbali, kama yule Kipchirchir alikuwa anasema ukweli. Chemutai alisema wapi, yule alikuwa anafanyia mazoezi drama ya kesho, waigizaji ni watu wa kukwepa, leo anakulilia wewe kesho analilia mwingine kwa maneno yale yale. Mzee Cheruiyot alifikiri sana juu ya chai yake, kisha akasema amesikiliza kesi miaka thelathini, na mtu anayedanganya hutazama anayemdanganya, aone kama ameshika. Yule hakutazama. Fundi wa baiskeli alisema mwanamume anayehitaji joho la mfalme ndipo aseme anapenda, akishavua joho utabaki na nani? Hilo lilimchoma Phelista, akaenda nalo nyumbani.

Habari nazo zilisafiri. Kufikia Jumatano Bungoma nzima ilikuwa imesikia kwamba Kitale kuna mfalme alifufuka, na Senge Sellah akapiga simu tena. Alisema akina mama wa kanisa wana siku yao Jumamosi mchana, waje na filamu hiyo ukumbi wa kanisa. Akaongeza, kama mtu anayetupia kuku punje, kwamba hiyo itamwezesha kupokea lile neno moja kwa mdomo, si kwa simu.

Jumamosi Nderitu alipakia mitambo kwenye gari. Walipofika Kamukuywa, Phelista akitazama dirishani ng'ombe wa watu, ndipo Nderitu alipouliza.

"Huyo Wekoye ni wa hapa?"

Phelista aliuliza nani amemwambia. Nderitu alisema Chemutai. Kama Chemutai alijua, basi Kitale yote ilijua.

Ukumbi wa kanisa ulijaa kuliko wa Kitale. Akina mama walikuja na chai ya chupa na wajukuu, na waume zao wakajipenyeza kwa visingizio, mbele kabisa akiwa mzee Wanyonyi, fundi wa makaburi, ambaye alisema amekuja kuona kama mfalme atalazwa vizuri. Safari hii Phelista alitangaza mapema. Hii ni drama, mfalme hafi, hakuna pacha, mtu asijisumbue kulia. Wakaitikia wote kwamba wameelewa.

Mfalme alipokunywa sumu, walilia vile vile. Mama mmoja alianzisha wimbo wa mazishi na safu tatu zikapokea. Phelista akawakumbusha kwa maiki kwamba mtu huyo yuko mzima. Mzee Wanyonyi akageuka, akamjibu kwa upole kwamba wanajua, lakini amekufa vizuri, na mtu aliyekufa vizuri haachwi hivi hivi. Basi mfalme akafufuka katikati ya ubeti wa tatu, na wakampigia makofi pamoja na wale wazungu wa viti vyekundu.

Kisha ikafika nyuma ya jukwaa. Joho juu, suruali ya kila siku chini. Kipchirchir akafungua mdomo.

Phelista alikuwa amejiandaa. Alishawaza kwamba kama Nderitu atarudia yale ya malaria neno kwa neno, basi ni maneno ya kazi, Chemutai ameshinda. Kama atasema mengine, hajui itakuwa nini. Alisubiri. Midomo ya Kipchirchir ilicheza na kucheza, na hakuna sauti iliyotoka.

Watu wakaanza kudai sauti. Wengine walisema maiki imekufa. Wengine hawakungoja, wakamsemea Kipchirchir wenyewe. Mzee Wanyonyi alisema anauliza kwao wanataka ng'ombe wangapi. Mama mmoja aliyeshika chupa ya chai akasema hapana, anaomba msamaha kwa mke aliyemwacha nyumbani, mtazameni macho. Phelista aligeuka. Maiki ya Nderitu ilikuwa imelala kwenye kiti, imezimwa, na mikono yake ilikuwa magotini. Akazima yake pia, akamnong'oneza kwamba zamu yake imefika.

"Najua," Nderitu alisema. "Ile ya Kitale haikuwa ya huyo mzungu. Ilikuwa yangu. Lakini niliisema kwa maiki, na hiyo si kusema. Nimekuja niseme bila hii kitu."

"Sema basi."

Alimgeukia Phelista.

"Nataka nikuoe, Phelista. Na ukikataa, Jumatatu tufanye kazi tu kama kawaida. Sitakusumbua."

Sasa, wasimulizi huketi nyuma ya watu, na safu ya nyuma huwa na masikio. Mama aliyekuwa kwenye kiti cha pembeni alishika mdomo, kisha akauachilia. Akaiambia safu iliyo mbele yake kwamba huyu mwanamume wa mitambo anaposa. Safu hiyo ikaiambia nyingine. Viti vikaanza kukwaruza sakafu, kimoja, viwili, vyote, mpaka ukumbi mzima ukawa umeligeuzia pazia mgongo na kutazama nyuma. Wafaransa waliendelea na mambo yao peke yao, hakuna aliyewasemea.

Senge Sellah alikuja katikati ya viti bila haraka. Akasimama mbele ya Nderitu, akamtazama viatu, akapanda mpaka nywele.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Nderitu alijibu. Sauti yake bila maiki haikufika hata viti viwili, kwa hivyo mama wa pembeni akamsemea. Nderitu alisema wazazi wake wako hai, wana shamba dogo la ekari mbili Kiminini. Ilipofika katikati ya ukumbi ilikuwa ekari kumi. Ilipofika kwa mzee Wanyonyi ilikuwa ekari ishirini na trekta. Senge aliuliza mbona umri wote huo hana mke. Nderitu alisema alikuwa anangoja apate kusema. Huko mbele ikasikika kwamba alikuwa ng'ambo anasoma. Phelista alisikia maisha yake yakipita safu kwa safu, yakitiwa chumvi na kupewa majina mapya, na alitaka kuwarekebisha, lakini angewarekebisha kwa mdomo gani? Hao walikuwa wanafanya kazi yake, na waliifanya kama anavyoifanya yeye.

Alimtazama Nderitu. Alikuwa anatokwa jasho, hana joho, hana kitu mkononi, na bado anajibu maswali ya senge moja baada ya jingine, kila jibu refu kidogo kuliko lililotangulia. Na safari hii hakuwa anatazama pazia.

Senge Sellah akamaliza naye, akamgeukia Phelista.

"Na wewe? Nilikuambia nataka neno moja."

Ukumbi mzima ukanyoosha shingo, hata wajukuu.

"Senge," Phelista alisema, na akashangaa jinsi sauti yake ilivyokuwa ndogo. "Mpigie Wekoye simu sasa hivi, asije akanunua shati. Umwambie mimi mwenyewe nimesema asante kwa kuniheshimu, na kwamba nina mtu."

Senge hakucheka wala hakukasirika. Alifungua mkoba wake, akaanza kutafuta simu. Kutoka mbele kabisa, mzee Wanyonyi akauliza kwa nguvu binti amejibu nini.

"Amekubali," alisema mama wa kiti cha pembeni, na hakuongeza hata tone la chumvi.